Ziwa Ambalo Halikuwako: Safari Juu ya Karte za Zamani



Mwezi huu tutafanya safari ndefu bila kulipa nauli na bila kubeba mfuko. Tutatembea juu ya ramani, ao karte, kama tunavyosema kwetu. Kama mtoto wako iko na kitabu cha jiografia, umwambie akilete mezani, mkifungue pamoja kwenye ukurasa wa Afrika. Weka kidole pale kuko Katanga. Angalia mito: Lualaba, Lufira, Luapula. Angalia maziwa: Mweru, Bangweulu, Tanganyika. Kila kitu kiko mahali pake, na pengine unafikiri karte zilikuwa vile tangu zamani.

Hapana. Kwa mamia ya miaka karte za dunia zilionyesha hapa katikati ya Afrika milima isiyokuwako, maziwa yasiyokuwako, na mipaka ya falme ambayo hakuna mfalme aliyeitawala. Watu wenye akili walizichora. Watu hodari wakazifuata. Wengine wao walikufa njiani. Basi tujiulize: namna gani kitu kisichokuwako kinaingia juu ya karatasi? Na nani analipa deni lake?

WATU WASIO NA KICHWA

Kule Uingereza, ndani ya kanisa kubwa la mji wa Hereford, kuko karte ya dunia iliyochorwa karibu mwaka wa 1300 juu ya ngozi moja ya ndama. Urefu wake unapita metre moja na nusu. Mashariki iko juu, pale sisi tunapoweka kaskazini. Yerusalema iko katikati kabisa, na bustani ya Edeni iko juu kabisa, sawa kisiwa. Tusimcheke mchoraji upesi. Hakutaka kumwonyesha mtu njia ya kwenda sokoni; alitaka kukusanya juu ya ngozi moja habari zote alizozisikia za dunia, pamoja na zile za Biblia.

Lakini angalia ukingo wa Afrika. Pale amechora watu wasio na kichwa, macho na kinywa viko kifuani. Hata mwaka wa 1540, Wareno wakiwa wamekwisha kuzunguka Afrika yote kwa mashua zao, mwalimu mmoja Mjerumani, Sebastian Münster, alichora upande wa magharibi wa Afrika jitu lenye jicho moja.

Nani alikuwa ameona watu wale? Hakuna. Mmoja aliandika, wa pili akanakili, wa tatu akachora. Wa ine akasema: kama si kweli, juu ya nini imeandikwa? Njo vile habari ya kusikia inavyopata miguu.

MILIMA YA MWEZI

Sasa turudi nyuma zaidi. Karibu mwaka wa 150 nyuma ya Kristo, katika mji wa Alexandria kule Misri, mtu mwenye elimu kubwa, Ptolémée, aliandika kitabu cha kupima dunia. Ndani yake kuko habari ya mfanya biashara Diogène. Alikuwa anarudi kutoka India, upepo ukamsukuma kusini kufuata pwani ya Afrika ya mashariki siku 25, mpaka karibu na Rhapta, na akaleta habari ya maziwa ambamo mto Nile unatoka. Katika kitabu kile tunasoma pia juu ya Milima ya Mwezi, yenye theluji, na theluji ile inajaza maziwa mawili, na maziwa yanazaa Nile.

Watu wa Ulaya ya magharibi hawakukisoma kitabu hiki muda mrefu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 kikageuzwa katika Kilatini, na mwaka wa 1477 kikapigwa chapa kule Bologna pamoja na karte zake. Tangu pale, kwa zaidi ya miaka 300, Milima ya Mwezi ilikatika Afrika sawa ukuta wa matofali, mara huku, mara kule, kadiri mchoraji alivyopenda.

Je, ulikuwa uwongo mtupu? Hapana. Ndugu zetu wa upande wa Beni wanaujua mlima Ruwenzori, wenye kimo cha metre 5,109, na theluji iko juu yake karibu kabisa na ikweta. Stanley aliiona mwaka wa 1888. Na mbele yake, tarehe 11 Mei 1848, mmisionere Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake ni nini. Yule hakuwa na neno la theluji. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann alielewa. Lakini kule London mwanachuo mmoja, Desborough Cooley, ambaye hakukanyaga hata siku moja inchi ile, alibisha miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwa pale.

Angalia vizuri jambo hili, ndugu yangu. Watu walikubali majitu yenye jicho moja kwa sababu yalikuwa ndani ya vitabu, na wakakataa theluji ya kweli kwa sababu aliyeisema alikuwa kiongozi wa njia tu.

MFALME ALIYEHAMISHWA, NA ZIWA LENYE MILANGO MINGI

Karibu mwaka wa 1165 barua moja ilianza kutembea Ulaya, yenye kusema kwamba mbali sana kuko mfalme Mkristo, Padri Yohana, mwenye utajiri usio na hesabu. Kwanza walimweka Asia. Walipomkosa kule, hawakusema kwamba barua ilikuwa ya uwongo. Walimhamisha tu, wakamweka Etiopia. Mwaka wa 1487 mfalme wa Ureno alimtuma Pêro da Covilhã kumtafuta. Alifika Etiopia kweli, akakuta mfalme Mkristo kweli, na kanisa la zamani kuliko makanisa mengi ya Ulaya. Lakini hazina za ile barua hazikuwako. Na mfalme hakumruhusu kurudi kwao. Wareno wengine walipofika mwaka wa 1520, walimkuta bado yuko pale.

Hata hivyo, mwaka wa 1573 Abraham Ortelius alipiga chapa karte ya ufalme wa Padri Yohana, akaivuta kusini mpaka kupita ikweta, karibu na Milima ya Mwezi.

Na mto wetu? Diogo Cão, Mreno, alifika kwenye kinywa cha mto Kongo mwaka wa 1482. Watu wake walipanda mto, wakachonga majina yao juu ya mawe ya Yelala, juu ya Matadi, na pale maporomoko yakawazuia. Hawakujua maji mengi namna ile yanatoka wapi. Basi wachoraji wakaweka katikati ya Afrika ziwa moja kubwa, wakaliita Zaire ao Zembre, na juu ya karte nyingi mto Nile na mto Kongo yote miwili inatoka ndani yake, sawa nyumba yenye milango mingi. Ziwa lile halikuwako. Lakini liliwaokoa na aibu ya kuandika: hatujui.

MCHORAJI ALIYEFUTA

Mmoja tu alikuwa na ushujaa wa namna nyingine. Mwaka wa 1749 Mfaransa d'Anville alichapisha karte ya Afrika, na mahali pengi katikati yake aliacha peupe. Hakuongeza kitu, aliondoa. Alifuta mambo mengi ambayo hakuna shahidi aliyeyaleta. Wengine wangeweza kusema karte yake ni maskini. Kusema kweli ilikuwa tajiri kuliko zile za mbele, kwa sababu uliweza kusadiki kilichobaki.

Lakini mkono wa binadamu unachukia mahali peupe. Mwaka wa 1798 Mwingereza James Rennell alichora katika Afrika ya magharibi safu ndefu ya milima, akaiita Milima ya Kong. Wachoraji wengine wakainakili karibu miaka 90, wengine wakairefusha. Kisha Mfaransa Binger alitembea kule toka 1887 mpaka 1889. Mji wa Kong aliuona, akalala ndani yake. Milima ya Kong hakuiona hata kidogo, sababu haikuwako.

KONOKONO WA WAMISIONERE

Wamisionere nao hawakupona. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikaa miaka mingi pwani, upande wa Mombasa na Tanga. Walifanya jambo zuri: waliwauliza wafanya biashara Waswahili na Waarabu wanaosafiri bara. Msafiri wa njia ya kaskazini alisema: mwisho wa safari yangu ni maji makubwa. Wa njia ya katikati alisema vile vile. Wa njia ya kusini pia. Wamisionere wakafikiri: kama watu watatu kwa njia tatu wanafika kwenye maji, ni maji yale yale. Mwaka wa 1856 karte yao ikaonekana London: ziwa moja la ajabu, refu na lililopindika, sawa konokono asiye na nyumba.

Watu watatu walisema kweli, na karte ikawa ya uwongo. Maziwa yalikuwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa.

Burton na Speke walitumwa kuona jambo hili. Walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mfanya biashara wa asili ya Oman, Snay bin Amir, aliwaeleza kwenye baraza yake kwamba ziwa si moja, ni mbalimbali, kila moja na jina lake. Kila mwaka misafara yake ilipita njia zile. Kitendawili ambacho wakubwa wa London walikuwa wakikipigania, mwenyeji wao alikijibu akiwa ameketi. Tarehe 13 Februari 1858 waliiona Tanganyika, na tarehe 3 Agosti Speke aliiona Nyanza.

CHEMCHEMI NNE

Sasa tunafika karibu na nyumbani, na hapa kicheko kinakwisha.

Hérodote, Mgriki wa zamani sana, aliandika kwamba mwandishi mmoja wa hekalu kule Misri alimwambia hivi: kuko vilima viwili, Krofi na Mofi, na katikati yake chemchemi za Nile, nusu ya maji inakwenda kaskazini, nusu kusini. Hérodote mwenyewe alidhani yule mtu anafanya mchezo.

Zaidi ya miaka 2,000 ikapita. David Livingstone aliingia tena Afrika mwaka wa 1866 kutafuta mwanzo wa Nile. Alifika Mweru mwaka wa 1867, Bangweulu mwaka wa 1868, Nyangwe kwenye mto Lualaba mwaka wa 1871. Na njiani wenyeji na wafanya biashara walimwambia habari moja tena na tena: kule magharibi, upande wa Katanga, kuko inchi ambamo mito mikubwa mine inaanza karibu karibu, mingine inakwenda kaskazini, mingine kusini. Livingstone akakumbuka Hérodote. Akasema moyoni: njo zile chemchemi! Akaamini kwamba Lualaba ni Nile.

Wewe msomaji wa Katanga unajua kwamba wenyeji walisema kweli. Huku juu, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, inchi imeinuka sawa mgongo wa ng'ombe. Upande huu Lualaba na Lufira zinaanza na kwenda kaskazini. Upande ule, si mbali na mpaka, Kafue na Zambezi zinaanza na kuishia katika bahari ya Hindi. Mvua moja inanyesha juu ya mgongo mmoja, na maji yanaachana mpaka bahari mbili. Habari ya watu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kuifunga kwa kamba na hadithi ya Misri.

Mwezi wa Agosti 1872 aliondoka tena karibu na Tabora. Mpango wake ulikuwa kuzunguka Bangweulu kwa kusini, kwenda kwenye chemchemi nne, na kufika kwenye mashimo ya shaba ya Katanga. Lakini hesabu zake za 1868 hazikuwa sawa, na ziwa alikuwa amelichora kubwa kupita kweli. Sasa ilikuwa masika, matope na maji kila upande, na karte yake mwenyewe ikamdanganya. Alikuwa anatoka damu. Mwishoni wakambeba juu ya kitanda. Tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amekufa katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Chemchemi hakuziona. Mashimo ya shaba hakuyaona.

Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilometre 1,500 mpaka Bagamoyo. Njiani Waingereza waliokutana nao waliwashauri wauzike huko huko. Walikataa. Hawa hawakuwa na karte ya kuchapwa. Walikuwa na njia kichwani na neno waliloahidiana, na walifika.

MAJI HAYAPANDI MLIMA

Mwaka wa 1874 Cameron alifika Nyangwe. Alipima kimo cha Lualaba pale, akakilinganisha na kimo cha Nile kule Gondokoro. Lualaba ilikuwa chini zaidi. Basi jambo likakwisha: maji hayapandi mlima, Lualaba haiwezi kuwa Nile. Kipimo kimoja cha kweli kilishinda vitabu vya miaka 2,000. Stanley aliufuata mto toka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876, akatokea Boma mwezi wa Agosti 1877. Ulikuwa Kongo. Vijana watatu Waingereza aliotoka nao wote walikufa katika safari ile, na Waafrika wengi sana pamoja nao.

KARTE INAPOGEUKA KUWA INCHI

Pengine unasema: haya ni makosa ya zamani, yanatuhusu nini? Chukua tena kitabu cha mtoto. Angalia ule mguu wa Katanga unaoingia ndani ya Zambia sawa buti, kule Sakania. Juu ya nini iko vile?

Tarehe 12 Mei 1894, kule Brussels, Uingereza na dola la mfalme Léopold II walipatana hivi: mpaka ufuate Luapula mpaka pale inapotoka Bangweulu, kisha ushuke kusini mstari mnyoofu mpaka kwenye mgongo unaoachanisha maji ya Kongo na ya Zambezi, kisha uufuate mgongo ule. Wakati huo Bangweulu na matope yake halikuwa limepimwa vizuri bado. Ni ziwa lile lile lililompoteza Livingstone. Hakuna Mlamba, hakuna Mlala aliyeketi kwenye meza ile. Mstari ukapita, ndugu wakajikuta katika inchi mbili. Hata leo mtu wa Mufulira anayekwenda Mansa kwa njia fupi anaingia Kongo kwa Mokambo, kisha anatoka tena Zambia kwa Chembe.

Unaona sasa tofauti? D'Anville aliacha mahali peupe kusema: sijui. Waliomfuata waliona mahali peupe wakasema: hakuna mtu. Kumbe watu walikuwako. Karne nyingi mbele ya karte zile wazee wetu waliyeyusha shaba, ao mukuba, wakatengeneza misalaba midogo ya shaba iliyotumiwa sawa feza mbali na hapa. Walijua kila kijito kwa jina. Weupe ulikuwa juu ya karatasi, haukuwa juu ya udongo.

Kijana, wewe unayekaa katika inchi ya madini, ujue kwamba karte za namna hii zinachorwa hata leo, bila kalamu. Mtu mmoja anasema katika kartie: kule kuko shimo jipya, watu wanatajirika. Wa pili anaongeza, wa tatu anauza baiskeli yake apate nauli. Mbele ya kuuza baiskeli, uliza maneno matatu. Nani ameona kwa macho yake? Je, watu watatu wanasema kitu kimoja, ao vitu vitatu? Mwenyeji wa pale anasema nini? Na kama jibu halipo, acha mahali pale peupe. Hakuna aibu. Aibu ni kuweka ziwa pale pasipo maji, na kumtuma mwenzako kwenda kunywa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Juu ya nini watu wa London hawakusadiki theluji ya Kilimanjaro?

2. Wafanya biashara watatu walisema kweli, lakini karte ya wamisionere ilikosa. Kosa lilikuwa wapi?

3. Kijito kilicho karibu na nyumba yenu kinaitwa namna gani, kinaanzia wapi, na kinaingia katika mto gani? Watoto wamwulize nkambo, ao mzee wa kartie. Kisha wachore karte yake. Pale mzee hajui, wasichore kitu.